Sura ya Tisa: Sakafu Iliyotandikwa Mara Mbili

"Rudia," Inspekta alisema. "Na safari hii usitie chumvi."

Fundi wa sakafu alikuwa amekunja nne kwenye benchi la chumba cha mahojiano kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Alikuwa amelala mahabusu, lakini shati lilikuwa limechomekwa na kola imesimama. Wateja walimwita Maridadi. Inspekta alikuwa ameshaiona kazi yake kwenye picha za tukio, akaelewa kwamba jina hilo lilitokana na mavazi tu.

"Nimerudia mpaka koo limekauka," Maridadi alisema. "Nilitandika vinaili chumbani kwa mzee. Nikamaliza, nikaondoka. Miezi imepita, kabati la nguo limemwangukia mzee amekufa, mnakuja kunikamata mimi. Kabati sikulitengeneza, sikulinunua, sikulipanga. Mimi na kabati tumejuana wapi?"

"Kabati lilisimama juu ya sakafu yako."

"Na nyumba imesimama juu ya msingi wa mwashi. Kamateni na mwashi."

Koplo, aliyekuwa anaandika pembeni, alicheka. Inspekta alimtazama. Akaacha kucheka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na mkuu wa kituo aliipenda hivyo. Mzee mmoja mjane, aliyekuwa akiishi na mwanawe wa kiume na mke wa huyo mwanawe, alikutwa asubuhi amelala kando ya kitanda chake, kabati juu yake. Mwanawe alieleza kwamba kabati lilikaa hapo kando ya kitanda tangu siku sakafu ilipowekwa, kwamba sakafu ilikuwa inanesa, na kwamba kabati lilianza kuinama mbele taratibu. Mzee alipovuta mlango wake, likamjia zima zima. Binti wa mzee, anayeishi mji mwingine na ndiye aliyeagiza sakafu ile kwa simu, alifika kituoni akalia, kisha akaacha kulia akadai fundi afungwe. Mkuu wa kituo alikuwa tayari kumpa alichodai. Shitaka la kuua kwa uzembe lilikuwa mezani kwake, linasubiri sahihi.

"Chini ya vinaili uliweka nini?" Inspekta aliuliza.

"Tandiko la kawaida."

"La kawaida ni lipi?"

"Lile jembamba, gumu. Kila fundi analijua."

Inspekta aliinama, akatoa mfuko chini ya kiti, akaweka vitu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kipande cha vinaili, plastiki ngumu yenye sura ya mbao, kile ambacho ulimi wake hubana kwenye mfereji wa kipande cha jirani, na upande wake wa chini kulikuwa na tandiko jeusi jembamba lililogandishwa kiwandani. Cha pili kilikuwa sponji ya waridi, nene kama kidole gumba. Aliikandamiza, akaiachia. Ikajaa tena.

"Koplo aliokota hivi stoo ya nyumba ile," alisema. "Mabaki yako. Jembamba na gumu ni lipi hapo?"

Maridadi alishusha mguu.

"Leo asubuhi nimepita duka la vifaa vya sakafu," Inspekta aliendelea. "Muuzaji alikuwa na wateja foleni na hakuwa na hamu na mimi, lakini alinijibu. Vinaili ya kubana inataka tandiko jembamba lisilobonyea, kwa sababu chini pakibonyea, ndimi zinakatika. Kama kipande kimekuja na tandiko lake, huongezi kingine. Kama chini ni zege lililo juu ya ardhi, unatanguliza nailoni kuzuia unyevu. Ghorofani ndiko unakoweka mpira au ile koki ya vizibo vya chupa ili wa chini wasisikie visigino vya wa juu. Ile ya kubandika kwa gundi haitaki tandiko lolote, inataka sakafu iliyonyooka tu. Nimesahau kitu?"

"Unataka kazi yangu, chukua."

"Uliweka tandiko juu ya tandiko. Kwa nini?"

"Binti yake ndiye aliyetaka!" Maridadi aligonga meza. "Alinipigia simu akasema, baba yangu anaanguka ovyo, nataka sakafu laini kama godoro. Laini, laini, laini, mpaka sikio likaniuma. Nikampa laini. Nimwambie hapana?"

"Ndiyo."

"Angetafuta fundi mwingine."

"Kwa hiyo ulijua itaharibika."

Maridadi aliinamisha kichwa. Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mkuu wa kituo aliingia na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa amesikiliza nje.

"Si amekiri huyo? Andika, atie sahihi, twende zetu."

"Amekiri kazi mbovu," Inspekta alisema. "Hajakiri kifo."

"Sakafu mbovu, kabati likaanguka. Unatafuta nini kingine, muhuri wa mbinguni?"

"Daktari anasema jeraha la kisogoni ni jembamba na lina ncha."

"Kabati lina kona."

"Nimelipapasa. Kona zake ni za mviringo kama mgongo wa kijiko."

Mkuu wa kituo alikunywa chai. Vijana wa kituo walimwita Inspekta, mama mtu mzima, Shubiri akiwa hayupo, na mkuu wao ndiye aliyelianzisha jina. "Una mpaka jioni," alisema. "Jioni natia sahihi. Sitaki binti wa marehemu anililie tena ofisini."

Simu ya Koplo ikalia. Alisikiliza, akasimama.

"Afande, ni askari tuliyemwacha kule nyumbani. Mtoto wa kiume wa marehemu ameleta vibarua. Wanang'oa sakafu."

Midomo ya Maridadi ikapauka. "Waambie waache," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mbwembwe. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Wakishaitupa, mimi nitajitetea na nini?"

Inspekta na Koplo hawakusubiri. Walikuwa wameshatoka.

*

Vibarua walikuwa wawili, na mtaimbo wao ulikuwa umeshaondoa ubao wa pembeni karibu na mlango wa chumba cha mzee. Walipoona sare waliweka mtaimbo chini taratibu, kama watu walioushika kwa bahati mbaya.

"Nani kawaambia mng'oe?" Inspekta aliuliza.

"Mimi." Mtoto wa marehemu alitokea ukumbini, bonge la mtu, jasho limemlowesha kifuani. "Nyumba ya baba yangu. Au siku hizi tunaomba ruhusa kwenu hata kufagia?"

"Hiki ni chumba cha tukio."

"Mmeshapiga picha. Mmeshapima. Mmeshakanyaga kanyaga na viatu vyenu. Watu wa msiba wamejaa uani, mnataka wakaone mahali baba yangu alipopondwa? Mama, una watoto wewe?"

"Ninao. Wakubwa kama wewe, na wakiniletea sauti hiyo nawaambia wakae chini. Kaa chini."

Hakukaa, lakini alisogea.

Ukumbini kabati lilikuwa limelazwa kwa mgongo. Askari walilitoa chumbani siku ile ili waweze kuutoa mwili, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulirudisha. Lilikuwa la mbao nzito za zamani. Miguu yake minne ilielekea mlango wa chumba: mitatu ya duara iliyochongwa kwa mashine, na mmoja wa mraba, gogo tu lililopigiliwa misumari mguu wa asili ulipovunjika. Inspekta aliinama akaitazama miguu hiyo. Kisha akamwambia Koplo atafute boksi kubwa, alipasue, achore miguu yote minne ilivyokaa.

"Mnacheza?" Sauti ilitoka nyuma yake. Binti wa marehemu alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. "Baba alikuwa aje kwangu wiki hii. Nimemwandalia chumba, nimenunua mashuka. Badala ya kuja yeye nimekuja mimi kumzika. Na nyie mnachora miguu ya kabati! Fundi yuko kwenu, si mumfunge?"

"Alikuwa aje kukutembelea?"

"Kuhamia. Alisema ameshachoka hapa, nyumba ataipangisha."

"Dada," kaka yake alisema, "baba alikuwa amechanganyikiwa. Nilishakwambia. Leo anahamia kwako, kesho anamtafuta mama aliye kaburini."

"Kwenye simu hakuchanganyikiwa."

"Hukuwa unakaa naye wewe! Ulikuwa unapiga simu tu na kuagiza sakafu!"

Binti akavuta kitambaa chake cheusi usoni. Inspekta aliwaacha hapo, akaenda jikoni.

Mke wa mtoto wa marehemu alikuwa anaosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, na hakugeuka.

"Chumbani kwa mzee kuna meza kando ya dirisha," Inspekta alisema. "Yenye kitambaa."

"Iko."

"Imekaa pale tangu lini?"

Sufuria ilizunguka mkononi. "Zamani ilikuwa humu jikoni. Kisha baba akaiomba."

"Asante."

Jibu lilikuwa limemtoka haraka na alilijua hilo. Aligeuka, lakini Inspekta alikuwa ameshafika ukumbini kwa mumewe.

"Ile meza ya dirishani imekaa pale tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ya sakafu," mumewe alisema bila kupepesa. "Baba alinywea chai pale kila asubuhi. Kuna kosa?"

"Hakuna. Nionyeshe basi ubovu wa fundi wangu, kwa sababu jioni natakiwa nimfunge na sitaki wakili wake anicheke."

Bonge la mtu likapata uhai. Aliingia chumbani mbele yake, akaanza kuonyesha kwa kidole cha mguu. Mlango ulikuwa upande mmoja, dirisha mkabala wake, kitanda cha chuma ukuta wa kushoto. Sakafu ilionekana nzuri kwa mtu aliyesimama mlangoni. Ukiikanyaga, ilibonyea na kurudi, na vipande viligongana kwa chini kama meno ya mtu mwenye homa.

"Tazama hapa. Ufa. Na hapa. Na hapa ndiyo usiseme, vipande vimeachana kabisa, kidole kinaingia! Mtu kalipwa kwa hili. Kabati litakosa kuinama?"

"Nimeona," Inspekta alisema. "Kabati lilikaa wapi hasa?"

"Hapa." Alisimama kando ya kitanda, akatanua mikono. "Miguu ya mbele hapa, ya nyuma hapa, mgongo ukutani. Siku zote."

"Halijawahi kuhamishwa?"

"Lile? Lihamishwe na nani, na trekta?"

Koplo alicheka tena, na safari hii Inspekta alimwacha.

Alichomoa kibanio cha nywele kichwani mwake, akapiga magoti. Alianza mlangoni. Nyufa za mlangoni zilifuata njia aliyokuwa akipita mzee kila siku, kutoka mlango hadi kitandani. Zilikuwa nyembamba. Alipitisha kibanio ndani yake, kikatoka na uchafu mweusi: vumbi, nywele, mafuta ya miguu, na maji ya kudekia yaliyokaukia humo. Akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akamwonyesha Koplo.

Kisha akahamia kwenye nyufa kubwa, zile ambazo kidole kinaingia. Akazifuata kwa magoti moja baada ya nyingine. Zilianzia dirishani, chini ya meza, zikakata chumba kwa mshazari hadi kando ya kitanda. Kibanio kiliingia, kikazunguka, kikatoka kisafi. Alimulika kwa tochi. Ndimi zilizokatika zilikuwa nyeupe, mpya.

"Unafanya nini?" mtoto wa marehemu aliuliza.

"Nasafisha. Mzee alikuwa anapitia dirishani kuja kitandani?"

"Nini?"

"Sakafu laini hukatika ndimi panapokanyagwa. Panapokanyagwa ni hapa, mlangoni hadi kitandani, na hapo pamekatika kweli, siku nyingi, mpaka pamejaa uchafu. Hizi nyingine zinatoka dirishani. Hakuna mlango dirishani. Na hazina hata punje ya vumbi. Hata nyumba ikifagiwa kila siku na mkeo, vumbi tu lingejaa humo kwa wiki moja."

"Mimi si fundi."

"Wala mimi." Alisimama, akajikung'uta magoti. Akawaita vibarua. "Nyie mlikuja kung'oa, sivyo? Ng'oeni. Kwa mkono, si mtaimbo. Kipande kimoja kimoja, na kila kipande Koplo atakitia namba. Atakayevunja kitu atalala alipolala fundi."

"Subiri," mtoto wa marehemu alisema.

"Ulikuwa na haraka sasa hivi."

"Nimesema subiri! Watu wa msiba..."

"Watasubiri wao. Anzeni na hapo kitandani."

Vibarua hawakujua wamtazame nani, wakaamua kutazama sakafu. Walisogeza kitanda, wakaanza kuinua vipande. Kila kimoja kiliinuka na tandiko lake jeusi chini, na chini ya hilo sponji ya waridi ikaonekana, imetandikwa chumba kizima bila hata nailoni katikati yake na zege. Inspekta aliitazama akatikisa kichwa. Uvivu mtupu.

Lakini palipokaa miguu ya kitanda, sponji ilikuwa na mashimo manne. Haikuwa imebonyea tu. Ilikuwa imepondeka, imekuwa nyembamba kama karatasi, na hata kwa kucha haikuinuka.

"Miguu ya kitanda," Inspekta alisema. "Kitanda kilikaa hapa, tumekubaliana?"

"Na kabati, uliniambia, miguu ya mbele hapa, ya nyuma hapa. Siku zote. Kabati zito kuliko kitanda." Alichuchumaa akaweka kiganja kwenye sponji ya mahali hapo, akakandamiza, akaachia. Sponji ikajaa. Akasogeza kiganja. Ikajaa tena. "Koplo, unaona shimo lolote?"

"Hakuna, afande. Imejaa kama mkate."

"Ondoa meza ile dirishani."

Meza iliondoka na kitambaa chake. Vipande viliinuliwa. Mke wa mtoto wa marehemu alikuwa amefika mlangoni, mikono bado ina povu, na nyuma yake alisimama wifi yake, binti wa marehemu. Kipande cha mwisho kilipoinuka, kibarua mmoja alisema, "Ala."

Mashimo yalikuwa manne, yamepondeka hadi karibu na zege. Matatu ya duara. Moja la mraba.

"Lete boksi," Inspekta alisema.

Koplo alilaza boksi lililochorwa juu ya sponji. Hakulazimika kulizungusha sana. Mraba uliingia kwenye mraba, duara kwenye duara.

"Hiyo ni sponji tu!" Sauti ya mtoto wa marehemu ilipanda. "Sponji inajua nini? Mnataka kunifunga kwa godoro?"

"Haijui kitu. Imekandamizwa tu, miezi yote hiyo, na kabati lenye mguu wa gogo. Lilikaa hapa dirishani. Halikukaa pale hata wiki. Mtu alilikokota kutoka hapa hadi kitandani, likavunja ndimi njia nzima, kisha akaleta meza kuficha pengo. Meza ambayo wewe unasema imekaa tangu siku ya kwanza na mkeo anasema ilikuwa jikoni." Aliinua sponji palipokuwa na miguu ya meza. "Haijaacha hata alama. Kabati halikumwangukia mzee kwa sababu ya sakafu. Lililetwa kwake."

"Uongo!"

"Koplo, geuza kitanda."

Kitanda kilikuwa na kona nne za chuma, rangi ya kijani iliyozeeka. Kona tatu zilikuwa na vumbi na kutu kidogo. Ya nne, iliyoelekea mlango, ilikuwa imesuguliwa kwa nguvu mpaka chuma kinang'aa. Inspekta aliipima kwa upana wa kidole, akaitazama, akamtazama mke wa nyumba, yule anayesugua masufuria masafi.

"Mikono yako hiyo ndiyo iliyosugua," alisema. "Na kabati lile mtu mmoja haliwezi."

"Wifi?" binti wa marehemu aliita kwa sauti ndogo.

Povu lilidondoka sakafuni.

"Usiseme kitu," mumewe alisema. "Hawana kitu hawa. Usiseme."

"Mimi nilishika upande wa chini tu," mke alisema.

"Funga mdomo!"

"Nilishika chini tu! Wewe ndiye uliyemsukuma!" Sasa ilimtoka yote kwa pamoja, bila kupumua. "Alikuwa anatafuta viatu vyake. Begi lilikuwa kitandani. Ukamwambia haendi popote na nyumba haipangishwi, akakucheka, ukamsukuma, kisogo kikagonga kona ya kitanda. Nikakwambia tumpeleke hospitali. Nikakwambia! Ukasema ameshakwisha, shika hapa. Nikashika."

Mtoto wa marehemu alimwendea. Koplo alimwahi, na vibarua wawili, ambao hakuna aliyewaomba, wakamsaidia Koplo. Bonge lile lilishuka juu ya sakafu ya fundi, ikabonyea na kurudi.

Binti wa marehemu hakulia. Aliingia chumbani akipita juu ya sponji, akasimama mbele ya kaka yake aliyekandamizwa chini.

"Begi lake liko wapi?"

Kaka yake aligeuza uso.

"Baba alifunga begi kuja kwangu. Nakuuliza, liko wapi?"

"Juu ya dari," mke alisema kutoka mlangoni.

*

Maridadi alikuwa amesimama kwenye nondo za mahabusu aliposikia viatu vya Inspekta. Kola ilikuwa imelala.

"Wameing'oa?" aliuliza.

"Imeng'olewa. Na mimi." Inspekta alifungua kufuli. "Toka. Mwenyewe amepatikana."

Alimweleza kwa maneno machache, akitembea, bila kumtazama. Maridadi alisikiliza. Walipofika kaunta, alikuwa ameshainua kola yake tena.

"Kwa hiyo," alisema, "sponji yangu ndiyo iliyonitoa."

"Ndiyo."

"Ningeweka lile jembamba gumu, lisingeshika alama ya kabati."

"Lisingeshika. Na jioni hii mkuu angetia sahihi."

"Basi kazi yangu ilikuwa nzuri."

Inspekta alisimama. "Kazi yako ilikuwa takataka. Hukuweka nailoni, uliweka tandiko juu ya tandiko, ulijua ndimi zitakatika, ukachukua hela ukanyamaza. Kama kabati lile lingeanguka lenyewe, na lingeweza, ungekuwa umemuua kweli. Umebahatika kwamba mwingine alikutangulia. Chukua mkanda wako, utie sahihi hapa, na usinichekee."

Maridadi hakucheka. Alichukua mkanda, akatia sahihi, akatoka.

Nje, kwenye ngazi za kituo, binti wa marehemu alikuwa amekaa na begi dogo la nguo mapajani. Lilikuwa na vumbi la dari. Maridadi alimwona akasita. Mara ya mwisho walipokutana mahali hapo binti alikuwa amemtemea mate kiatuni. Alitaka kupita upande wa pili.

"Fundi," binti alisema.

Akasimama.

"Sakafu iko wazi. Polisi wakimaliza nayo, njoo uifunge. Nyumba ile nitakaa mimi."

Maridadi alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Laini?" aliuliza.

"Ngumu," binti alisema, akainuka na begi lake.